Nyangwe: kutoka gazeti la Livingstone mpaka miwani ya kusomea

Nyangwe, kando ya mto Lualaba, teritware ya Kasongo. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wapata 1,500 walikuwa sokoni hapa, wengi wao wanawake. Watu wenye bunduki, wa wafanyabiashara waliotoka pwani, wakaanza kufyatua. Wengi walipigwa risasi, wengine wakazama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba wafu walikuwa kati ya 330 na 400.

David Livingstone alikuwepo. Alikuwa na miaka 58, na karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Akayaandika aliyoyaona juu ya gazeti la zamani la Uingereza, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa rangi ya mbegu za mti. Habari hizo zilifika London mwaka 1872, zikaongeza shinikizo lililomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Lakini maandishi yenyewe yalififia mpaka ikawa vigumu kuyasoma. Ni mwaka 2011 tu ambapo, baada ya wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki kuyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, ushahidi wa Nyangwe ulisomeka tena.

Kuandika bila kusomwa ni hasara. Na kuna hasara nyingine ya namna hiyo ambayo inamfikia karibu kila mtu akipita miaka 40: maandishi yako wazi, lakini jicho haliyaoni tena. Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayojikunja ili tuone karibu. Miaka ikienda, lenzi hiyo inakuwa ngumu. Mtu anasukuma kitabu mbali mpaka mkono unakuwa mfupi. Fundi cherehani anamwomba mtoto amtungie uzi, na mama anayechagua mawe ndani ya mchele anayaacha mengine. Huo si uchawi, wala kusoma sana hakuleti shida hiyo.

Dawa yake ni ya zamani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, alieleza mambo ya mwanga na macho katika karne ya 11. Miwani ya kusomea ilianza Italia katika karne ya 13. Mwaka 1888 Adolf Fick alieleza lenzi ya kioo ya kuvaa juu ya jicho lenyewe. Ilikuwa nzito na iliumiza. Mwaka 1961, Otto Wichterle wa Czechoslovakia alitengeneza lenzi laini kwa mashine aliyoiunda nyumbani, akitumia vipande vya mchezo wa watoto.

Leo mtu wa makamo anayetaka lenzi hizo ana njia mbili. Ya kwanza: jicho moja linapewa lenzi ya mbali, la pili lenzi ya karibu, na ubongo unajifunza kuchagua. Ya pili: kila lenzi ina nguvu kadhaa ndani yake. Zote mbili zinamtaka mtaalamu wa kupima na kufuatilia, dawa ya kusafishia, na mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukauka. Lenzi haioshwi kamwe kwa maji ya mto, ya kisima wala ya bomba: vijidudu vya maji vinaweza kula kioo cha jicho na kuleta upofu. Mahali ambapo dawa hiyo inakosekana dukani, miwani ndiyo chaguo la akili.

Hata miwani haijawafikia wengi. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Tanzania, na kutolewa mwaka 2006, ulikuta kwamba asilimia 62 hivi ya watu wenye miaka 40 na zaidi walikuwa na shida hii, na kati yao wenye miwani ya kuwafaa walikuwa karibu 6 tu kwa 100. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 826 ulimwenguni wasioona vizuri karibu kwa kukosa miwani.

Anayenunua sokoni ajaribu kwanza: asome maandishi madogo kwa umbali anaofanyia kazi, achukue namba ndogo inayomtosha. Lakini jicho jekundu, linalouma, ao lisiloona mbali pia, lipelekwe kwa muganga wa macho. Mtoto wa jicho, presha ya jicho na upofu wa mto haviponywi kwa miwani ya sokoni.