Mwaka wa Kwanza wa Nyumba Mpya: Kasoro za Ujenzi Meru na Embu

Kukabidhiwa nyumba ni hatua ya ujenzi ambapo fundi au mkandarasi anatoa funguo, mwenye nyumba anaanza kukaa, na kazi iliyobaki inageuka kuwa orodha ya kasoro. Katika kaunti za Meru na Embu hatua hiyo mara nyingi haina siku yake. Nyumba hujengwa kidogokidogo kadiri bonasi ya chai, malipo ya kahawa, miraa, muguka au mshahara unavyoingia. Vyumba viwili vikishapigwa plasta, familia huhamia, na vingine humaliziwa watu wakiwa ndani. Hata pale penye mkandarasi, mhandisi na karatasi zote, siku ya funguo haionyeshi mengi. Nyumba ya upande huu wa Mlima Kenya hukaguliwa na majira: mvua za Oktoba hadi Desemba, kiangazi cha Januari na Februari, mvua za Machi hadi Mei, kisha baridi na manyunyu ya Juni hadi Agosti. Kasoro nyingi hazionekani mpaka zamu yake ifike, na nyingine zikirekebishwa kabla ya wakati wake hurudi.

Udongo chini ya nyumba

Mashariki mwa Mlima Kenya ardhi hushuka haraka, na udongo hubadilika nayo. Kuanzia Kianjokoma na Runyenjes hadi Nkubu na Githongo, ukanda wa chai na kahawa una udongo mwekundu wa volkano, wenye kina kirefu na unaopitisha maji vizuri. Ni udongo mzuri kwa msingi. Taabu ya huko ni mteremko. Ili kupata uwanja bapa, mjenzi huchimba upande wa juu na kumwaga udongo huo upande wa chini. Nyumba basi hukaa nusu juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya kifusi. Kifusi kisiposhindiliwa tabaka kwa tabaka, huendelea kushuka msimu hadi msimu, na ufa hutokea pale hasa ardhi hizo mbili zinapokutana. Miteremko ya Nyambene kuzunguka Maua ina visa vingi vya namna hii, na ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba usio na matundu ya kutolea maji huongeza jingine: maji hujilimbikiza nyuma yake na kuusukuma.

Chini zaidi, Siakago na Kiritiri, udongo ni wa kichanga, mahali pengine wenye mawe karibu na uso, na adui mkubwa huwa mchwa. Ukielekea Mwea unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kuvimba mvua inaponyesha. Nyumba iliyowekwa juu yake bila udongo huo kuondolewa, au bila msingi wa slabu moja yenye chuma inayobeba nyumba nzima, itapanda na kushuka kila mwaka. Hapo kuziba nyufa kwa simiti ni kupoteza pesa. Kinachosaidia nyumba iliyokwisha kujengwa ni kuuzuia udongo usibadilike unyevu: gata zinazofanya kazi, sakafu ya simiti inayozunguka nyumba yote, mitaro inayopeleka maji mbali, na kutopanda mkaratusi karibu, kwani mizizi yake hukausha udongo wa upande mmoja.

Nyufa

Ufa ndio humtisha mwenye nyumba kuliko kasoro nyingine yoyote, ingawa nyingi ni za plasta tu. Plasta huenda ilikuwa na simiti nyingi mno, au mchanga wa mtoni ulioletwa kutoka pande za Tharaka na Mbeere ulikuwa na vumbi la udongo, au ukuta haukumwagiliwa maji jua lilipowaka. Nyufa hizo ni nyembamba kama nywele, zimetawanyika kama ramani, na haziongezeki. Nyingine hufuata mstari wa bomba la waya lililochimbiwa ukutani, kwa kuwa fundi wa stima alijazia mfereji wake kwa plasta nyepesi.

Za kuangaliwa ni zile zenye mwelekeo. Ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango huashiria linta fupi, kukosekana kwa ringi bimu (mkanda wa zege unaofunga kuta juu), au msingi unaoshuka upande mmoja. Ufa wima ambapo vyumba vipya vimeunganishwa na nyumba ya zamani unaonyesha misingi miwili inayotua kwa kasi tofauti. Ufa unaoonekana ndani na nje mahali palepale umepita kwenye jiwe lenyewe. Taasisi ya Uingereza ya utafiti wa majengo, BRE, hupanga nyufa kwa upana: hadi milimita 1 ni za rangi na plasta tu, hadi milimita 5 bado huhesabiwa kuwa nyepesi, kati ya 5 na 15 ni za wastani na milango huanza kukwama, na zaidi ya hapo sehemu za ukuta hujengwa upya. Upana peke yake hautoshi, hata hivyo. Muhimu ni kama ufa unakwenda. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe ukutani, pima upana, piga picha yenye rula ndani yake, halafu rudia kila mwezi. Ufa uliosimama kwa kipindi chote cha mvua moja na kiangazi kimoja unaweza kuchongwa, kujazwa na kupakwa rangi. Unaoendelea ni wa mhandisi, na fundi anayependekeza kuufunika kwa skimu nyeupe wiki moja kabla ya wageni kufika hafai kusikilizwa.

Maji yanayotoka ndani

Mfuko wa simiti wa kilo 50 huchanganywa na lita 25 hivi za maji. Nyumba iliyokula mifuko 400 imenyweshwa lita 10,000, mbali na maji ya kumwagilia slabu na kuta. Simiti hufunga sehemu tu ya maji hayo, na yaliyobaki lazima yatoke kupitia kuta na sakafu. Kanuni ya mafundi wa sakafu ni kwamba safu ya simiti hukauka milimita moja kwa siku hali ya hewa ikiwa nzuri, na Julai ya Meru au Embu, yenye ukungu hadi adhuhuri, haimo katika hesabu hiyo. Ndiyo sababu rangi iliyopakwa plasta ikiwa bado mbichi huvimba na kubanduka, na kabati lililosukumwa likagusa ukuta huota ukungu mgongoni.

Jomo Kenyatta aliandika katika Facing Mount Kenya, mwaka 1938, kwamba nyumba ya Wagikuyu ilipaswa kujengwa na kuingiwa siku ileile. Kwa nyumba ya miti na nyasi, iliyowashiwa moto jioni hiyo na moshi ukapita paani, hilo liliwezekana. Nyumba ya mawe yenye dari na madirisha ya vioo haiwezi, ingawa wengi bado hutaka kuiingia hivyo hivyo. Dawa yake ni hewa: madirisha wazi mchana hata kukiwa na baridi, matundu ya juu ya ukuta yasizibwe, na fanicha iachiwe nafasi ya kupita mkono. Kuleta jiko la makaa ndani ili kukausha chumba au kujipasha joto ni hatari ya kifo zaidi katika nyumba mpya kuliko katika ya mbao ya zamani, kwa kuwa nyumba mpya haina mianya ya kutoa gesi ya kaboni monoksaidi.

Unyevu usioisha baada ya kiangazi cha kwanza una chanzo kingine. Ukianzia sakafuni na kupanda hadi kimo cha goti, ukiacha chumvi nyeupe, karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi ilitoboka, haikuwekwa, au udongo wa nje umerundikwa ukaipita. Hilo la mwisho hurekebishwa kwa jembe, na linafaa kuchunguzwa kabla ya mengine yote ya gharama kubwa.

Maji yanayotoka juu

Mvua ya milimita 40 juu ya paa la mita za mraba 150 ni lita 6,000. Bila gata maji hayo huanguka kandokando ya ukuta, hurusha tope jekundu hadi chini ya dirisha na kuchimba ardhi karibu na msingi. Gata na tangi ni vitu vya kwanza kuahirishwa pesa zikipungua, na kwa maoni yangu vingetangulia vigae na dari ya jasi.

Mabati ya kawaida huvuja mahali pachache panapojulikana: kwenye rijikepu (bati la kufunika kilele cha paa), kwenye misumari iliyopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni, na pale raba ya msumari ilipopasuka. Mtindo unaosambaa sasa Makutano ya Meru na katika mitaa mipya ya Embu kama Dallas, wa kuficha paa nyuma ya ukuta ulioinuliwa, umeleta kazi ya ziada. Maji yote hupitia mfereji wa bati uliojificha, na majani ya mukima, yaani grevilea, yakiuziba, maji hurudi ndani kupitia dari. Nyumba ya namna hiyo inahitaji mtu wa kupanda na kuusafisha kabla ya Oktoba na kabla ya Machi. Anayenunua nyumba iliyokamilika na aulize anapandia wapi. Iwapo hakuna njia ya kufika kwenye mfereji huo, hiyo nayo ni kasoro ya kuandikwa.

Milango na mbao

Mbao nyingi hutoka mashambani, mukima na saipresi, na mara nyingi hupigwa msumari zikiwa bado na maji. Mlango uliokwama Novemba ukirandwa Novemba utaacha mwanya wa kupitisha panya Februari. Usubiri kiangazi, isipokuwa ni mlango wa nje usiofungika. Paka vanishi kingo za juu na chini pia, sehemu ambazo mafundi huziruka kwa sababu hazionekani, na ndimo unyevu huingilia.

Yasiyongojwa

Stima na bomba haziachwi mpaka msimu upite. Shawa inayochemsha maji papo hapo huvuta umeme mwingi. Mafundi makini huipa waya wake wa milimita za mraba 6 na swichi yake, wakati soketi hupewa 2.5 na taa 1.5. Ukuta au mfereji wa bafu unaokusisimua mkono ni dalili kwamba waya wa ardhi haupo au umekatika, na swichi kuu izimwe hapo hapo mpaka aje fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi. Maji yaliyofichika hugunduliwa kwa njia rahisi: funga mifereji yote usiku, soma mita, usome tena asubuhi. Vigae gonga kwa sarafu, na vinavyotoa mvumo wa uwazi viwekewe alama. Kimoja kimoja sebuleni kinaweza kungoja, lakini bafuni maji yatapita.

Nani alipe

Wasanifu majengo wengi nchini hutumia mkataba wa Baraza la Pamoja la Majengo, JBC, wa mwaka 1999. Chini ya mikataba ya aina hiyo mwenye nyumba huzuia sehemu ya kila malipo, hulipa nusu ya fungu hilo kazi inapokamilika, na nusu nyingine baada ya kipindi cha dhamana ya kasoro, ambacho kwa kawaida ni miezi 6. Miezi 6 ni michache kwa Meru na Embu. Nyumba iliyokabidhiwa Januari huonja mvua za Machi, lakini dhamana huisha Julai, kabla ya mvua za Oktoba ambazo upande wa mashariki wa mlima ndizo za kutegemewa zaidi. Kuomba miezi 12 kabla ya kutia sahihi hakuna gharama, na mkandarasi anayekataa katakata amekwisha kusema jambo.

Lakini wengi hujenga kwa kandarasi ya leba: mwenyewe ananunua simiti, mawe na mbao, fundi analeta watu wake. Hapo kila kasoro ina majibu mawili. Fundi atasema simiti ililetwa kidogo, mwenye nyumba atasema iliibwa. Kisheria fundi anawajibika kwa ufundi wake, si kwa bidhaa ambazo hakuzinunua, kwa hiyo ushahidi wa nani alileta nini ndio kila kitu. Ukurasa mmoja wenye kazi, bei, awamu za malipo na sahihi mbili mbele ya mzee wa mtaa unatosha. Awamu ya mwisho iwekwe baada ya mvua ya kwanza, na ielezwe hivyo tangu mwanzo. Kumwambia fundi siku ya malipo kwamba umeamua kushikilia pesa zake ni kuanzisha ugomvi na mtu ambaye huenda mnaabudu kanisa moja. Akiitwa kwa heshima, "Fundi, njoo tuangalie huu ukuta pamoja," na akiwa bado na kitu cha kulipwa, wengi huja.

Mkandarasi anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, katika mojawapo ya madaraja 8. Mamlaka hiyo pia huidhinisha mafundi stadi na wasimamizi wa mjengo, na inafaa kuuliza kadi kabla ya kazi kuanza.

Maelewano yakishindikana, dai la mkataba linaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kusikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, ambako si lazima kuwa na wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Peleka makubaliano yaliyoandikwa, risiti za hadiwea, picha za nyufa zenye tarehe, barua au ujumbe uliomwita fundi arudi, bei ya fundi mwingine ya kurekebisha, na taarifa ya M-Pesa ya miezi yote ya mjengo.