Ngozi ya Mtu: Kutoka Jasi Mpaka Mwanga



Wengi wetu hudhani kazi ya kunasa ngozi ya mtu kwa ajili ya sanamu za kompyuta, na vinyweleo na makunyanzi yake yote, ni jambo la juzi juzi. Waama, kompyuta ndiyo ya juzi. Kazi yenyewe ni kongwe.

Mwaka 1860, huko Chicago, mchongaji Leonard Volk alimpaka Abraham Lincoln jasi mbichi usoni. Ilipokauka ikavuliwa, iling'oa nywele kidogo na machozi yakamtoka. Lakini kalibu ile ilishika umbo la uso. Na Lincoln alikuwa kakubali mwenyewe.

Sasa tazameni mwaka 1931. Msanii wa Kijerumani, Hans Lichtenecker, alikwenda Namibia, wakati huo ikitawaliwa na Afrika Kusini, akawapaka watu jasi usoni. Eti akihifadhi sura za makabila yanayotoweka! Alirikodi na sauti zao kwenye nta. Miaka mingi baadaye, rikodi zile zilipotafsiriwa, ndani yake mkasikika watu wakilalamikia adha ya kufunikwa uso.

Mwaka 2000 Paul Debevec na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitumia mwanga badala ya jasi. Walizungusha taa kumzunguka mtu aliyetulia kitini, kamera zikipiga picha, wapate kujua uso unavyoupokea mwanga wa kila upande. Siri yenyewe ni hii: mwanga mwingine hurudi kutoka juu ya ngozi, ndio ule mng'ao; mwingine huingia ndani, ukatawanyika, ukatoka na rangi. Vichujio vya polarizesheni huutenga huu na ule. Mng'ao ndio unaofichua vinyweleo, na rangi huvikwa juu ya umbo. Ngozi nyeusi, kwa kuwa melanini yake hunywa sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, husomeka zaidi kwa mng'ao. Fundi asiyelijua hilo huichonga kama udongo mkavu.

Mwaka 2014 Taasisi ya Smithsonian na Chuo Kikuu cha Southern California waliupiga uso wa Rais Obama kwa taa 50, ikachapishwa sanamu yake. Naye, kama Lincoln, alikaa kwa hiari.

Basi ufundi umebadilika, lakini swali ni lile lile: ngozi ikishatolewa mwilini, ni ya nani? Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 2023, na mojawapo ya waliyoyapata ni ridhaa na malipo kabla ya kutengenezewa nakala za kidijitali. Wale wa 1931 hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Kwa hiyo, enyi wenye wanafunzi wanaokwenda kwetu na kamera kukusanya sura za watu, hebu waulizeni kwanza: hiyo karatasi ya ridhaa imeandikwa kwa lugha gani?