Kutoka kuni za melini hadi cheti: safari ya mafundi wa boila Nyanza Kusini

Boila za kwanza kuonekana na wakazi wa Homa Bay zilikuja zikielea. Meli iitwayo William Mackinnon iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu mwanzoni mwa karne iliyopita. Zikafuata Winifred, Sybil na Nyanza, kisha Usoga na Rusinga, hii ya mwisho ikibeba jina la kisiwa cha Homa Bay. Zilikuwa meli za mvuke, na tanuri zake zilimeza kuni kwa shehena. Aliyetaka kazi ya boila hakuulizwa karatasi. Alianza kwa kubeba kuni, akajifunza mengine kwa kumtazama aliyemtangulia.

Sheria ilichelewa kufika. Sheria ya Viwanda ya Kenya ilianza kutumika Septemba 1951, na ikataka kila boila iwe na valvu ya usalama, kioo cha kupimia maji, na geji iliyotiwa alama ya shinikizo la juu linaloruhusiwa. Ilitaka pia ikaguliwe mara kwa mara na mtu aliyeidhinishwa. Masharti hayo yaliingizwa katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Katika miaka hiyo ya 1950, Migori ilikuwa na njaa ya umeme. Mgodi wa Macalder, uliochimba dhahabu na shaba huko Nyatike, ulihitaji nguvu ya kuendesha mitambo. Mwishoni mwa mwongo huo, maporomoko ya Gogo kwenye Mto Kuja, ambao wengine huuita Gucha, yakafungwa turbini. Mgodi ulifungwa 1966, lakini Gogo ingali inazalisha umeme chini ya kampuni ya KenGen, ikiwa na uwezo wa megawati 2. Mwendeshaji wa Gogo hana moto wa kuchochea. Kazi yake ni kusoma mto, kupima mwendo wa turbini na kuhakikisha umeme unaoingia kwenye gridi hauyumbi.

Moto ulirejea kwa kishindo mwaka 1979, kiwanda cha sukari cha SONY kilipoanza kusaga miwa Awendo. Baadaye Ndhiwa nayo ikapata kiwanda chake. Kiwanda cha sukari hujilisha chenyewe: makapi ya miwa, ambayo nusu ya uzito wake bado ni maji, huchomwa kwenye boila, mvuke huzungusha turbini za umeme, na ukishatoka hapo hutumwa kuchemsha maji ya miwa. Boila ikizima, kiwanda kizima kinasimama na miwa inachacha uwanjani.

Ndiyo maana macho ya mwendeshaji hayabanduki kwenye kioo cha maji. Maji yakishuka hadi yasionekane, mabomba yaliyo juu ya moto huanza kuwa mekundu. Asiyefunzwa hukimbilia kufungua maji, na hapo ndipo hatari ilipo: maji yakigusa chuma chenye joto hilo hugeuka mvuke kwa ghafla, na boila inaweza kupasuka. Aliyefunzwa hukata kwanza moto, huacha mtambo upoe, kisha huita mkaguzi.

Leo kujua hayo hakutoshi mpaka kuwe na cheti. Kwa muda mrefu mafundi wa Kenya wamepimwa kwa mtihani wa ufundi wa serikali, wakianzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Mitihani hiyo sasa iko mikononi mwa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo kituo chake kilicho karibu zaidi kiko Kisumu. Mtihani hupima mikono kwanza, kwa hiyo aliyekaa zamu miaka mingi bila kusomea chuoni ana nafasi yake.

Kijana wa Awendo au Ndhiwa anayetaka kazi hii basi asichague kati ya zamu na darasa. Zamu itamfundisha sauti ya mtambo wake. Cheti kitamfungulia mlango wa mtambo wa mwingine, uwe wa sukari, wa chai au wa hospitali.