Sabini au Sabini na Nne?

Wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya ilipangwa upya kabla ya uchaguzi wa 2017 ili ushindi wa Uhuru Kenyatta ubatilishwe. Wanaolirudia dai hilo wangefanya vyema kuusoma ukurasa ambao karibu kila mtu huuruka: ule wa kwanza wa hukumu, yanapoorodheshwa majina ya majaji. Nimeziweka mbili mbele yangu, ule wa ombi nambari 5 la 2013 na ule wa ombi nambari 1 la 2017.

Mwaka 2013 walikaa sita: Mutunga, Tunoi, Ibrahim, Ojwang, Wanjala na Njoki Ndung'u. Wote kwa kauli moja waliuthibitisha ushindi wa Kenyatta. Mwaka 2017 Ibrahim aliugua, uamuzi ukabaki kwa sita tena, safari hii wanne dhidi ya wawili. Ojwang na Ndung'u walipinga kubatilisha. Waliobatilisha ni Maraga, Mwilu, Lenaola na Wanjala, na kati yao ni Wanjala peke yake aliyekuwapo 2013. Watatu wengine waliingia kwa sababu wenzao watatu walistaafu, tena ndani ya siku tatu za Juni 2016.

Kustaafu kwa jaji nchini Kenya hakukuwa jambo la umri tu. Chini ya katiba ya zamani jaji aliruhusiwa kufika miaka 74, lakini wengi walikwenda mapema. Derek Schofield aliondoka 1987 baada ya kudai maiti ya mtu aliyefia mikononi mwa polisi iletwe, akanyang'anywa kesi na kupewa uhamisho. Mwaka uliofuata Bunge liliondoa kabisa kinga ya majaji dhidi ya kufutwa, ikarudishwa 1990. Mwaka 2003, baada ya ripoti ya kamati ya Aaron Ringera kuhusu ufisadi mahakamani, majaji 23 walisimamishwa kwa mpigo, watano kati ya tisa wa Mahakama ya Rufaa na 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu. Waliambiwa wachague: wastaafu, au wakabili jopo la uchunguzi. Wengi walistaafu. Ufisadi ulikuwepo, sikatai, lakini nusu ya mahakama ilibadilika kwa msimu mmoja chini ya serikali iliyokuwa imeingia madarakani mwishoni mwa 2002.

Ndiyo maana naupenda ukali wa Kifungu cha 167 cha Katiba ya 2010. Jaji anastaafu akifikisha miaka 70, na akitaka anaweza kwenda baada ya 65. Jaji Mkuu hapewi zaidi ya miaka kumi. Kalenda haina chama.

Swali likawa: walioteuliwa kuwa majaji chini ya katiba ya zamani je, 74 yao imekufa? Tume ya Huduma za Mahakama ilisema 2014 kwamba imekufa. Philip Tunoi, aliyefikisha 70 mwaka huo, alikwenda mahakamani. Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal, ambaye angefikisha Januari 2016, naye akaenda. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mtu aliyeajiriwa kwa sharti fulani ana haki ya kuuliza kwa nini linabadilishwa akiwa njiani, na vifungu vya mpito vya Katiba vililinda haki zilizokuwepo. Ila kiti walichokuwa wakikipigania kilikuwa cha mahakama iliyozaliwa na Katiba hiyohiyo. Mahakama Kuu iliwakatalia. Tarehe 27 Mei 2016 Mahakama ya Rufaa, majaji saba, nayo ikawakatalia.

Hapa ndipo tarehe zinapoanza kuwa na uzito. Siku hiyohiyo Jaji Ndung'u wa Mahakama ya Juu alitoa agizo la kusimamisha hukumu, na rufaa yao ikapangiwa 24 Juni. Jaji Mkuu Mutunga, ambaye hakuwa amefikisha 70, alikuwa ameshatangaza kwamba ataondoka 16 Juni ili mrithi wake apate muda wa kujiandaa kabla ya uchaguzi. Akidi ya Mahakama ya Juu ni majaji watano. Ukiwatoa Mutunga, Rawal na Tunoi, wanabaki wanne. Kwa hiyo kufikia 24 Juni pasingekuwa na mahakama ya kuisikiliza rufaa. Agizo lingeendelea kusimama, na Rawal, kama naibu, angekaimu nafasi ya Jaji Mkuu. Mutunga akairudisha kesi nyuma hadi 2 Juni. Alilaumiwa sana kwa hilo. Mimi simlaumu. Tarehe 14 Juni majaji watano waligawanyika, rufaa haikusikilizwa, na hukumu ya Mahakama ya Rufaa ikabaki. Siku mbili baadaye Mutunga akaenda zake.

Kama 74 ingeshinda, Agosti 2017 Tunoi angekuwa na miaka 73 na Rawal 71, umri ukiwaruhusu wote wawili kuwa kitini. Hakuna ajuaye wangeamuaje, wala haki haituruhusu kuwabunia kura.

Lakini dai la mkono uliopanga haliwezi kusimama. Maraga, Mwilu na Lenaola waliteuliwa Oktoba 2016 na Kenyatta mwenyewe, kwa mapendekezo ya Tume, na wawili wa kwanza wakaidhinishwa na Bunge lililokuwa na wingi wa wafuasi wake. Kilichobadilika ni usomaji wa kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi. Wengi wa 2017 walisema aliyethibitisha kwamba uchaguzi ulikiuka kwa kiasi kikubwa misingi ya Katiba hana haja ya kuthibitisha pia kwamba idadi ya kura ingegeuka. Wanjala, aliyeuthibitisha ushindi 2013, alikubaliana nao, na hakuna aliyekuwa amembadilisha kiti.

Februari 2020 Ojwang alifikisha miaka 70. Januari 2021 ikafika zamu ya Maraga. Hakuna kati yao aliyekwenda mahakamani kuomba miaka minne zaidi.