Tairi la pikapu: namba ya ubavuni, upepo na mzigo wa kupandisha Bugarama

Katika mitaa ya Buyenzi jijini Bujumbura, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya gereji, mnunuzi wa tairi la pikapu aghalabu huulizwa mambo mawili tu: rimu yake ni ya ukubwa gani, na ana faranga ngapi mfukoni. Swali la tatu, ambalo ndilo huamua iwapo tairi hilo litafika Kayanza likiwa zima, husikika mara chache: gari litabeba uzito gani?

Swali hilo lina uzito kwa sababu hakuna mwingine wa kuliuliza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inalenga magari ya kuanzia tani tatu na nusu, na mizani ya barabarani imewekwa kwa ajili ya malori. Pikapu iliyosheheni saruji, viazi au bidoni za mawese kutoka Rumonge hupita bila kupimwa. Anayebaki kuwa mizani ni mwenye gari mwenyewe.

Namba iliyo ubavuni

Chukua tairi lililoandikwa 205/70R15C 106/104R. Sehemu ya kwanza inaeleza upana, kimo na ukubwa wa rimu, na hiyo wengi wanaijua. Herufi C inaonyesha kuwa tairi limetengenezwa kwa ajili ya magari ya mizigo. Kisha inakuja 106, ambayo si kilo wala si kasi, bali ni namba ya jedwali la kimataifa la uwezo wa kubeba. Katika jedwali hilo, 95 ni kilo 690 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, na 112 ni kilo 1,120. Namba ya pili, 104, hutumika pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja, jambo lisiloihusu pikapu ya kawaida. Herufi ya mwisho ni ya kasi: R ni kilomita 170 kwa saa.

Kosa linalogharimu zaidi ni kufunga tairi la gari dogo kwenye pikapu kwa kuwa limeingia kwenye rimu bila taabu. Kuingia kwenye rimu si ushahidi wa lolote. Tairi la 95 na tairi la 106 huweza kufanana machoni, ilhali tofauti yao ni kilo 260 kwa kila gurudumu.

Hesabu ya ekseli ya nyuma

Tuseme pikapu tupu ina kilo 1,800, na kati ya hizo kilo 800 zimelala kwenye ekseli ya nyuma. Ukipakia mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, umeongeza tani moja. Mzigo huo haugawanyiki sawasawa kwa magurudumu manne, kwa kuwa karoseri iko nyuma; takribani kilo 900 huangukia ekseli ya nyuma. Jumla ni kilo 1,700, yaani kilo 850 kwa kila tairi. Tairi la 106 linaumudu mzigo huo na kubakiza akiba. Tairi la 95 limezidiwa kwa kilo 160, na bado hatujamhesabu dereva wala vijana wawili waliokaa juu ya mifuko.

Ongeza mifuko iwe 30, na kila tairi la nyuma litabeba kilo 1,075 hivi. Hapo hata lile la 106 limeshindwa. Wapo wanaodhani kwamba kuongeza springi kunatatua tatizo. Springi huzuia gari lisikae chini na kulifanya lionekane limetulia, lakini haliongezei tairi uwezo hata wa kilo moja. Kwa kweli linaficha dalili ambayo ingemwonya dereva.

Upepo ndio unaobeba

Mpira na nyaya ni chombo tu. Kinachobeba gari ni upepo uliomo ndani. Kwa hiyo namba ya ubavuni ni ahadi yenye sharti. Tairi la aina tuliyoitaja hubeba kilo 950 likiwa na baa 4.5, yaani kama PSI 65. Likijazwa baa 2.4, kama wanavyojaza teksi, hupoteza theluthi moja ya uwezo wake au zaidi. Ubavu wake hujikunja kila linapozunguka, na huzunguka zaidi ya mara 450 kwa kila kilomita. Kujikunja huko huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyaya. Tairi linapopasuka, dereva hulaumu jiwe lililokuwa njiani.

Hata hivyo, kujaza upepo mwingi siku zote si dawa. Pikapu tupu yenye baa 4.5 nyuma hurukaruka, huliwa katikati ya tairi, na hushika barabara vibaya mvua ikinyesha. Ndiyo maana kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva mara nyingi hutaja vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Namba ya upepo iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo, si agizo. Na ikiwa umebadili aina ya tairi, kibandiko cha kiwandani hakitoshi tena. Fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Pima asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi lililokwenda mwendo huonyesha upepo mwingi kuliko ulivyo, na anayeupunguza wakati huo atakuta pungufu kesho yake.

Kuhusu mlima

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika mwinuko wa mita 775 hivi. Barabara ya RN1 hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo usiofika kilomita 40. Baadhi ya madereva hupunguza upepo kabla ya kupanda, kwa hofu kwamba tairi "litavimba" huko juu. Ni kweli kwamba hewa ya nje hupungua na kipimo hupanda, lakini kwa baa 0.15 hivi tu. Na baridi ya Bugarama hukishusha kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa hiyo usiguse kitu. Hatari iko wakati wa kuteremka na mzigo, breki zinapopasha rimu moto na rimu kupasha tairi. Teremka kwa gia ndogo, na usitoe upepo njiani.

Tairi lililokwisha kutumika

Fedha za kigeni zikiwa haba, wengi hununua matairi yaliyotumika ng'ambo. Tafuta tarakimu nne kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye umri wa zaidi ya miaka 10 liache, hata kama si kipara. Liache pia lile ambalo namba yake ya uwezo imefutika au kukwanguliwa, kwa kuwa hapo unanunua umbo tu.

Mwisho ni tairi la akiba, lile lililoning'inizwa chini ya karoseri na kusahauliwa. Liwe na uwezo sawa na yale ya nyuma, na lijazwe kwa kipimo cha mzigo kamili. Kando ya barabara upepo uliozidi unaweza kuutoa kwa ncha ya kijiti. Uliopungua hutaupata mpaka ufike penye kompresa.