Bosi Aliyeajiriwa Kwenye Kinu Chake

Ukitoka Haydom kwenda Katesh kwa njia ya Basotu, unakatiza kwenye mashamba ya ngano. Kijana mwenzangu wa mjini, usifikirie vishamba vya jembe la mkono. Ni tambarare ambayo jicho linachoka kabla halijafika mwisho wake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa najiuliza swali moja tu: ngano yote hii inaenda wapi, na bosi wake ni nani?

Swali la kwanza nilijibiwa upesi. Kwa miaka mingi ilikwenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. La pili lilinichukua muda, na jibu lake lilinipeleka mbali na Haydom, hadi Bukene, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza.

Hapo ndipo alipokulia Jayantilal Keshavji Chande, ambaye wengi walimjua kwa jina la Andy. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi pale Bukene. Ukoo ukapanuka, kutoka duka hadi vinu, na kufikia miaka ya 1960 Chande Industries ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za usagishaji Afrika Mashariki. Andy alikuwa mmoja wa wakuu wake. Kwa lugha ya leo tungesema mtendaji mkuu, mtu wa suti na mafaili.

Halafu ukaja mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari. Kesho yake benki zikataifishwa, na siku hizo hizo zamu ya vinu ikafika. Mwalimu Nyerere alimwita Chande Ikulu, akamweleza kwamba kampuni ya ukoo wake inachukuliwa na serikali. Hilo peke yake lingetosha kumwangusha mtu. Lakini Mwalimu hakuishia hapo: akamwomba abaki aiendeshe.

Hebu jiweke mahali pake. Asubuhi una kiwanda, jioni umebaki na kazi tu. Tena majina ya watu wa aina yako yako barabarani: bepari, mnyonyaji. Wengi waliotaifishiwa mali walifunga mizigo wakaenda zao Uingereza au Kanada. Yeye akakubali. Akawa meneja mkuu wa shirika lililojengwa juu ya vinu vya kwao na vya wenzake.

Kwa nini alikubali? Wapo watakaosema ni uzalendo, wapo watakaosema hakuwa na pa kwenda. Mimi naona kuna jambo jingine. Kuna watu wanapenda mali, na kuna watu wanapenda kazi iende. Kinu kisiposaga, mji haulali, na yeye alijua kukisagisha. Ujuzi ule serikali isingeweza kuutaifisha bila yeye mwenyewe kuridhia.

Na kazi yenyewe haikuwa lelemama. Ukame wa 1973 na 1974 ulipopiga, nchi ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje. Wazee mpaka leo wanacheka wakikumbuka "unga wa Yanga", kwa sababu ya rangi yake. Wakati ule haukuwa mzaha.

Sasa turudi kwetu. Nchi ilitaka ngano yake yenyewe, isinunue ya watu. Basi kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika jingine la umma, NAFCO, likafungua mashamba makubwa Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Jumla yake yalifika kama ekari 100,000. Matrekta na mashine za kuvunia zikaingia. Lakini ardhi ile haikuwa pori tupu, bwana. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu ile.

Simtwishi Chande mzigo wa Hanang. Ardhi hakuichukua yeye. Ila viweke visa hivi viwili pamoja, utaona kitu. Mwenye kinu alipochukuliwa mali yake, aliitwa Ikulu, akaelezwa uso kwa uso, akapewa kiti. Mwenye ng'ombe wa Hanang alipochukuliwa malisho, alikutana na trekta. Nchi ni moja, Azimio ni lile lile.

Mwisho wake unaujua. Miaka ya 1980 NMC lilizama kwenye madeni, kisha ubinafsishaji ukaja, ukafagia mashirika. Chande aliendelea na bodi hii na ile, akaisimamia Shule ya Sekondari ya Shaaban Robert, akawa kiongozi wa Wamasoni wa Afrika Mashariki. Malkia wa Uingereza akamtunuku, watu wakamwita Sir Andy. Mwaka 2005 akatoa kitabu cha maisha yake, *A Knight in Africa: Journey from Bukene*. Alifariki mwaka 2017.

Wewe unayetaka kuandika, kiangalie kitabu kile hata kama hupendi mabosi. Mtu kutoka stesheni ndogo ya reli hakungoja wengine wamsimulie. Ndiyo maana leo tunajua alichoambiwa Ikulu.

Lakini huku kwetu mzee wa Kibarabaig aliyesimama mahakamani kwa ajili ya Mulbadaw hana kitabu. Yeye alisimulia kwa mdomo, kwa Kidatooga, jioni karibu na zizi. Wanaoyakumbuka maneno yake wanazidi kupungua. Basi la Katesh lipo. Chukua daftari.