Aliyeitwa Mwisho

Ukitoka Lamu kwenda Faza, boti hupita Mkanda, njia nyembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Zamani maji yakipwa palikuwa hapapitiki. Siku moja tulichelewa kuondoka, na tulipofika pale maji yalishaanza kutoka. Kijana aliyekuwa akiendesha aliinuka bila kuambiwa, akampisha mzee aliyekuwa amejikunja juu ya mizigo, usingizini tangu Lamu. Mzee akapunguza mwendo, akatupitisha. Tulipotokea maji makubwa, akarudi kulala.

Marekani watu hulipwa mamilioni kwa kazi kama hiyo. Kwenye besiboli, mrushaji aliyeanza mchezo akichoka au akizidiwa, huingizwa mwingine aje kumalizia. Anayesifika kuliko wote ni Mariano Rivera wa New York Yankees, mtoto wa nahodha wa chombo cha uvuvi huko Panama. Hadi anastaafu 2013, alikuwa ameingia mwishoni na kulinda ushindi wa timu yake mara 652.

Besiboli si mchezo wetu. Lakini pwani yetu ilishatoa mtu wa aina hiyo, kwenye kriketi: Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, 1963. Alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpira wa kuzunguka. Aliwahi pia kuichezea Kenya tenisi kwenye Davis Cup. Alikuwa nahodha wa Kenya kwenye Kombe la Dunia la kriketi la 1999 kule Uingereza, ambako tulishindwa mechi zote tano. Baada ya hapo akastaafu. Hadithi imekwisha, au ndivyo watu walivyodhani.

Mwaka wa 2003 akaitwa tena. Ana miaka 39.

Tarehe 15 Machi, uwanja wa Kingsmead, Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa watetezi ambao wangemaliza kombe lile bila kushindwa hata mechi moja. Mapema tu, Brett Lee aliwatoa wapigaji wetu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Steve Tikolo akapambana, tukafikisha mikimbio 174. Kwa Australia, hiyo ni chai tu. Wakapita 100 wakiwa wamepoteza wapigaji wawili pekee.

Hapo ndipo Karim alipopewa mpira.

Nimeitazama video yake mara nyingi kuliko nilivyowahi kufungua vitabu vyangu vya chuo. Hana mbio, hana kelele. Hatua chache, mkono unapanda, mpira unaning'inia hewani kama hautaki kushuka. Ricky Ponting, nahodha wao, akatoka. Darren Lehmann akatoka. Brad Hogg akampiga mpira ukarudi mikononi mwake mwenyewe Karim, naye akatoka bila mkimbio. Australia 117, watano nje. Jumla Karim alirusha mipira 50, akatoa mikimbio 7 tu. Ova sita nzima hakufungwa hata mkimbio mmoja.

Na bado tulishindwa. Australia walifika walikokuwa wakienda, lakini mchezaji bora wa mechi akatoka upande ulioshindwa. Siku tano baadaye India ikatutoa kwenye nusu fainali, Karim akastaafu tena, safari hii kabisa. Kufikia 2014 Kenya ilikuwa imepoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Rivera aliitwa kulinda kitu ambacho tayari kipo. Karim hakuwa na cha kulinda. Aliingia mechi ikiwa imeshaamuliwa, akaifanya kazi yake sawasawa hata hivyo. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, nikarudi nyumbani kuulizwa kila siku "sasa wewe unafanya nini?", hilo linanigusa kuliko kombe lolote.

Juzi barazani nilimwonyesha ami yangu ile video kwenye simu. Akatazama kimya mpaka mwisho.

"Walishinda?"

"La, ami. Walishindwa."

Akanirudishia simu, kisha akainyoosha tena mkono.

"Hebu mrudishe yule mzee."